MFICHA UCHI HAZAI
Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa vijana



Mtu akituuliza, "Je, rubani akiangusha ndege hufungwa?" wengi wetu tutajibu upesi, "Hufungwa." Naomba tusifanye haraka.

Mwaka 1944 mataifa yalikutana Chicago, Marekani, yakafanya mapatano juu ya safari za ndege. Tanzania nayo imo katika mapatano hayo. Nyongeza yake ya 13 yasema kwamba shabaha ya kuchunguza ajali ni moja tu: kuzuia ajali nyingine. Si kutafuta wa kulaumiwa. Rubani mzembe aweza kushtakiwa, lakini hiyo ni kazi ya polisi na mahakama.

Basi mchunguzi humwendea rubani kama mganga amwendeavyo mgonjwa: "Waumwa wapi?" Mgonjwa akidanganya, dawa hukosewa. Na dawa hii, ndugu zangu, ni ya abiria wa kesho.

Sasa sikilizeni habari ya Trevor Jacob, rubani wa California. Tarehe 24 Novemba, 2021, aliruka peke yake katika ndege ndogo aliyoifunga kamera, naye amevaa parachuti. Angani akaruka nje, ndege ikaanguka mlimani. Alikuwa na mapatano ya kutangaza pochi za kampuni moja katika picha zake.

Wachunguzi walimwambia kuwa ni wajibu wake kuyatunza mabaki ya ndege. Yeye akawaambia kwamba injini ilizimika, na kwamba hajui mabaki yaliko. Uongo mtupu! Tarehe 10 Desemba alikwenda na rafiki yake kwa helikopta, wakayanyanyua mabaki hayo. Baadaye aliyakatakata na kuyatupa katika mapipa ya taka.

Mwaka 2022 alinyang'anywa leseni. Mwaka 2023 alikiri kosa mahakamani, na tarehe 4 Desemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miezi 6. Sheria iliruhusu hata miaka 20. Angalieni vizuri shtaka lenyewe: halikuwa la kuangusha ndege. Lilikuwa la kuharibu na kuficha ushahidi ili kuuzuia uchunguzi wa serikali.

Wako watakaosema, "Hakufa mtu, ya nini kumfunga?" Mimi nasema hivi: kama wachunguzi wangeliamini kwamba injini ile ilizimika yenyewe, wangeliitafuta hila isiyokuwako, na marubani wenzake wangeliiogopa injini isiyo na kosa.

Chuoni kwetu, tulipokuwa tukijifunza ualimu, mzee mmoja alitufundisha hivi: mtoto aliyevunja dawati akasema kweli, mpe nyundo na misumari alitengeneze. Aliyelivunja akalificha nyuma ya darasa, huyo ndiye wa kuadhibiwa, kwa sababu kesho mwenziwe atalikalia aanguke.

Kukosea ni kwa binadamu. Kuficha kosa ni kumtegea mwenzako shimo.