Mtunzaji Asiyekuwamo Kwenye Fomu

Askari aliyeumia kazini huhesabiwa na serikali mara mbili. Mara ya kwanza ni siku anapoumia, na mara ya pili ni siku anapofariki. Kati ya siku hizo mbili, ambazo zinaweza kuachana kwa miaka thelathini, kuna mtu anayemwogesha, anayemlisha, anayempeleka kliniki na kukesha naye. Mara nyingi mtu huyo ni mke. Wakati mwingine ni binti aliyeacha masomo, au mama mzazi ambaye naye anahitaji kutunzwa. Yeye hahesabiwi popote.

Hotuba iliyoandaliwa na ofisi kwa ajili ya leo ina kurasa tisa. Ukurasa wa kwanza unashukuru, wa pili unapongeza, na kuanzia wa tatu inaeleza mafanikio yasiyowahusu sana waliokaa chini ya maturubai haya. Wanahabari watapewa nakala. Suala la watunzaji limepewa aya moja, na hiyo nayo imeponea chupuchupu, kwa kuwa mgeni rasmi amelisema katika vikao vingi kiasi kwamba wasaidizi wake siku hizi hulifuta mapema.

Tanzania ina familia za aina hii kutoka vizazi zaidi ya kimoja. Vita vya Kagera vilianza mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, yana askari zaidi ya 600 waliokufa katika vita hivyo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka sasa amevuka 65, na lile jeraha la ujanani limekutana na kisukari, presha na macho yanayofifia. Baadaye zikaja operesheni za kulinda amani. Tarehe 13 Julai 2013 walinda amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur, na tarehe 7 Desemba 2017 wengine wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio la kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini. Majeneza yalipokelewa kwa gwaride, kama ilivyostahili. Majeruhi wa Semuliki, waliozidi 40, walipelekwa wodini, kisha nyumbani, na kuanzia hapo magazeti hayakuwafuata tena.

Mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo anapaswa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo hupata vidonda vya kulalia, na vidonda hivyo vinaweza kuua. Mpira wa mkojo lazima uwe safi, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo huwapata wagonjwa hawa mara kwa mara. Wodini kazi hiyo hufanywa kwa zamu na watu waliosomea. Nyumbani hufanywa na mtu mmoja ambaye hakuonyeshwa namna ya kumwinua mwanamume wa kilo themanini, na ambaye baada ya miaka mitano naye huanza kulalamika mgongo. Anayelima huacha shamba. Aliyekuwa na genge sokoni hulifunga. Kipato cha nyumba hupungua upande wa askari, halafu hupungua tena upande wa mkewe.

Majeraha yasiyoonekana yana kazi yake tofauti. Kuna askari anayeshtuka usiku na kutafuta bunduki ambayo hanayo, na kuna ambaye fataki za mkesha wa mwaka mpya humtoa nyumbani hadi asubuhi. Mke mmoja wa mstaafu alieleza kwamba watoto wake walifundishwa tangu wadogo kumwamsha baba kwa kumwita kutoka mlangoni, bila kumgusa. Hakuna mtaalamu aliyempa maarifa hayo. Aliyapata baada ya kupigwa kiwiko usingizini. Majirani walisema mzee ana mashetani, ndugu wakachangishana wakampeleka kwa mganga, na mbuzi wawili wakaliwa. Kliniki ya afya ya akili ilikuja kutajwa baada ya mbuzi wa pili.

Nchi nyingine zimeliingiza jambo hili kwenye sheria. Afrika Kusini ilitunga sheria yake ya maveterani mwaka 2011, na Kenya mwaka 2022. Marekani ndiyo iliyokwenda mbali zaidi kwa watunzaji wenyewe, na safari yake inafaa kutazamwa pamoja na makosa yake. Sheria iliyosainiwa Mei 2010 iliiagiza Idara ya Maveterani kumtambua mtunzaji wa familia kwa jina lake. Askari na mtunzaji huomba pamoja. Mtunzaji hupewa mafunzo, posho ya kila mwezi, bima ya afya kama hana nyingine, ushauri nasaha, na mapumziko ya angalau siku 30 kwa mwaka, ambapo mtu mwingine hushika nafasi yake. Mwanzoni mpango ulihusu tu walioumia kuanzia Septemba 11, 2001. Mke wa aliyeumia Vietnam, aliyemtunza mumewe tangu ujana wake, aliachwa nje. Sheria ya mwaka 2018 ilifungua mlango kwa awamu: askari wa hadi Mei 1975 waliingia Oktoba 2020, na waliobaki Oktoba 2022. Hata hivyo, vigezo vipya vilipoanza kutumika, watunzaji wengi wa zamani walijikuta karibu kuondolewa, hadi idara iliposimamisha zoezi hilo Machi 2022. Fedha nyingi hazijamkinga mtunzaji na kalamu ya karani.

Katika sheria za Marekani kuna kipengele kingine ambacho hapa hakitajwi sana. Mjane hulipwa fidia ya kila mwezi ikiwa mume alikufa kutokana na utumishi. Lakini pia anaweza kulipwa hata kifo kikiwa na sababu nyingine kabisa, iwapo mume alikuwa amehesabiwa kuwa na ulemavu kamili kwa angalau miaka 10 mfululizo kabla ya kufa. Miaka hiyo 10 ni ya askari kwenye jalada. Kitandani ilikuwa ya mkewe. Mjane huyo akiolewa tena baada ya kutimiza miaka 55, fidia yake haikatwi. Wazee kadhaa waliokaa viti vya mbele wameonekana kutikisa vichwa kwa hilo la kuolewa tena. Watikise tu, mradi wakumbuke kuwa wao huoa bila kuulizwa umri.

Kifo kinapofika, kazi ya mikono hugeuka kuwa kazi ya karatasi. Familia ya mlinda amani aliyekufa inastahili fidia ya Umoja wa Mataifa, ambayo Baraza Kuu liliipandisha hadi dola 70,000 mwaka 2010, na fedha hizo hupitia kwa serikali ya nchi yake kabla ya kumfikia mrithi. Kumpata mrithi ndiko kwenye mgogoro. Wapo askari wenye nyumba ya kambini na nyumba ya pili ambayo kambi haikuwahi kuisikia, na wake wa nyumba hizo mbili hukutana kwa mara ya kwanza makaburini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inawadhania kuwa mume na mke watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana hivyo, ila dhana hiyo hubishaniwa mahakamani, na mjane huingia mle akiwa bado na kanga ya msiba. Afande anayeona aibu kufunga ndoa au kusahihisha jina la mrithi anamwachia mwenzake kesi.

Mjane anayo haki ya kuomba mwenyewe usimamizi wa mirathi. Pamoja na hayo, shemeji asiyewahi kuleta hata dawa ya kidonda hufika na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye jina lake. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 linamnyima mjane fungu pale marehemu alipoacha jamaa wa ukoo wake, na kusema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Aliyetunza kwa miaka ishirini anaambiwa asubiri kutunzwa. Ofisini nako huambiwa arudi Jumatatu kwa kuwa jalada halionekani, na nauli ya kurudi Jumatatu hakuna anayeiuliza.

Historia ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia inaonyesha mambo haya yanapoishia yakiachwa. Waingereza walichukua wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika Afrika Mashariki, na kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa palipo Kariakoo ya leo. Majina na vijiji viliandikwa ovyo, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwahi kuwafikia wake zao. Ripoti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyotolewa Aprili 2021, ilikiri kuwa Waafrika wengi waliokufa hawakuandikwa jina popote.

Jina, basi, ndilo ombi ambalo mgeni rasmi amekuwa akilibeba. Askari anaporuhusiwa kutoka hospitali, fomu iwe na nafasi ya mtunzaji, na mtunzaji huyo afundishwe pale wodini, kabla gari halijaondoka. Likianza hilo, waandaaji wa shughuli kama hii hawatawaweka tena wake wa wastaafu nyuma ya hema, karibu na masufuria, wakati viti vya mbele viwili vimewekewa mikoba.

Risala iliyosomwa hapa leo imeomba mambo manne. Posho ya mtunzaji inahitaji sheria, na sheria inahitaji utafiti, kwa hiyo ombi limepokelewa. Dawati la wajane wilayani litafikishwa kwa mamlaka husika. Viti vya magurudumu vitategemea bajeti itakavyoruhusu, pamoja na mfadhili ambaye bado hajathibitisha. La nne, nafasi ya jina kwenye fomu, halihitaji fedha; barua yake imeshaandikwa, na itatumwa mara wanasheria watakapomaliza kuipitia.