Mnara Wetu Unabeba na Wengine



Mwenyekiti wa Kijiji, nimeomba nafasi nizungumzie mnara wetu wa simu. Wengi mlikuwepo wakala alipoleta mbolea ya ruzuku. Mifuko tuliiona dukani, imepangwa hadi karibu na dari. Lakini mbolea ile haitoki mpaka namba ya mkulima ihakikiwe kwenye mfumo, na siku hiyo mnara ulikuwa umezimika. Wakala alipanda kichuguu nyuma ya duka, simu kaiinua juu, mtandao unashika na kupotea. Akina mama waliotoka vitongoji vya mbali walikaa na fedha zao zimefungwa kwenye pindo la khanga mpaka jua likazama, na mvua za kupandia zimeshaanza.

Kwa hiyo asituambie mtu kwamba intaneti ni starehe ya vijana. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne na anataka kubadili tahasusi anapita humo. Anayeomba mkopo wa chuo anapita humo. Serikali ilipohamishia huduma zake kwenye mtandao, mtandao ukawa barabara.

Na barabara hii tumeilipia. Sheria ya mwaka 2006 iliweka Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na kampuni za simu zinauchangia kutoka kwenye mapato yao, yaani kwenye vocha na bando tunazonunua. Mfuko hutoa ruzuku ili minara ijengwe mahali ambapo kampuni peke yake isingeona faida. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 kwa utaratibu huo. Mnara wetu nao una ruzuku ndani yake. Ni fedha ya umma ile.

Sasa niseme linaloniuma. Mnara haukuzimwa na radi. Dizeli ya jenereta ilinyonywa usiku, na betri zikaondoka. Nimesikia watu wakisema ni mali ya kampuni, na kampuni ina pesa. Fundi alipokuja alinionyesha madishi mawili ya mviringo yaliyofungwa juu kule: moja linapokea mawasiliano kutoka wilayani, la pili linayarusha ng'ambo ya kilima, kwenye mnara unaofuata. Sisi tukizima, wao wanazima. Kuna zahanati huko, kuna wajawazito ambao muuguzi wao hawezi kupiga simu ya gari la wagonjwa, na hawajui hata sura zetu. Aliyenyonya dizeli aliwaibia hao. Na mwenye mashine ya kusaga aliyeinunua kwa bei ya kutupa alijua vizuri imetoka wapi.

Wenye mnara nao wana deni kwetu. Tulipiga simu, tukaambiwa fundi yuko njiani, majuma yakapita. Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilipokatika, nchi nzima ilijua na waziri akatoa taarifa. Mnara wa kijiji ukizima, hakuna tangazo. Kwenye makaratasi kata yetu inahesabiwa imefikiwa na huduma, maana mnara umesimama. Hesabu hiyo inatuonea, na tukinyamaza tunaikubali.

Mwenyekiti, naleta hoja. Kijiji kiwe na daftari la mnara: siku na saa ulipozimika, siku na saa uliporudi, na nani alipigiwa simu. Litunzwe ofisi ya Mtendaji, lisomwe hadharani kila mkutano mkuu. Nakala iende kwa kampuni, Mamlaka ya Mawasiliano na Mfuko. Ulinzi wa jamii upite mnarani kila usiku, na atakayekutwa akiuza au kununua dizeli ya mnara apelekwe polisi, awe mtoto wa nani awe. Naomba tuijadili sasa hivi, kabla watu hawajatawanyika, na tuwachague leo watu watatu wa kulishika daftari hilo, mmoja wao awe kijana.