Jiwe Dogo la Bustani ya Endcliffe



Desturi ya mataifa makubwa ni kuwajengea majemadari sanamu katika viwanja vya miji mikuu. Askari wa kawaida aghalabu hubakiwa na namba tu katika daftari la serikali. Ndiyo maana jiwe dogo lililomo katika Bustani ya Endcliffe, mjini Sheffield, Uingereza, lastahili kutazamwa na kila mwenye dhamana ya kufundisha au kuhudumia umma.

Tarehe 22 Februari 1944, ndege ya Marekani ya kutupa mabomu, aina ya B-17, iliyoitwa Mi Amigo, iliruka kutoka kituo cha Chelveston kwenda kushambulia kiwanja cha ndege cha Aalborg, Denmark, kilichokuwa mikononi mwa Wajerumani. Ilirudi imeumia vibaya, na jioni ikaanguka penye miti ya bustani hiyo. Watu kumi waliokuwamo, wakiongozwa na Luteni John Kriegshauser, wote walikufa. Hawakuwa wenyeji wa mji huo. Walikuwa wageni kutoka ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1969, miaka 25 baadaye, askari wa anga wa zamani wa mjini humo waliweka jiwe la kumbukumbu mahali pale pale, nayo majina ya wote kumi yakaandikwa. Ibada ikawa ya kila mwaka. Mzee mmoja, aliyekuwa mtoto wakati wa vita, akajitwika kazi ya kufagia na kupanda maua, bila kuamriwa wala kulipwa. Haja yake ilipotangazwa katika televisheni, serikali mbili zilisikia: tarehe 22 Februari 2019 ndege za kijeshi za Uingereza na Marekani zilipita juu ya bustani mbele ya maelfu ya watu.

Husimuliwa kwamba rubani aliwaona watoto wakicheza uwanjani, akaigeuza ndege ili asiwaue. Wako watafiti waliohoji habari hiyo, na wana haki ya kuhoji, kwani hakubaki hata mmoja wa kueleza rubani aliona nini. Hapo ndipo palipo na mtihani kwa mwalimu. Akiifundisha hadithi kama jambo lililothibitishwa, amewadanganya wanafunzi. Akiitupa kabisa, amewanyima kujua jinsi mji ulivyojieleza huzuni yake. Hapana budi aseme wazi: hili limethibitishwa, na hili husimuliwa. Heshima ya marehemu haipungui kwa ukweli. Vijana kumi kufa mbali na kwao ni jambo zito la kutosha, halihitaji kutiwa chumvi.

Funzo la pili lawahusu watumishi wa umma. Jiwe huwekwa kwa siku moja, lakini kumbukumbu hutaka mtu kila siku. Bila mwenye ufagio, majani huota, herufi hufifia, na jiwe hugeuka kuwa jiwe tu. Walioishuhudia ajali ile wanazidi kupungua. Kazi yao haiwezi kurithiwa na sherehe peke yake; itarithiwa na shule zitakazowapeleka watoto wakasome majina yale moja moja, na halmashauri zitakazohesabu utunzaji wa mahali pale kuwa wajibu, si hisani.

Taifa hukumbuka kwa sanamu. Mji hukumbuka kwa mikono ya watu wake.