Sauti Inapoachana na Midomo: Namna ya Kuhamisha Picha za DVD



Wengi wetu tunazo majumbani diski za DVD zilizorekodiwa miaka ya 2000: nikahi za watoto wetu, hotuba za Idi, mawaidha ya wazee ambao leo hatunao tena. Diski za kurekodia nyumbani huhifadhi picha katika tabaka jembamba la kemikali, na tabaka hilo huchakaa kwa joto, jua na unyevunyevu. Tena kompyuta mpya nyingi hazina hata mahali pa kuziingizia. Basi kuzihamisha ziwe faili za kawaida ni kazi isiyofaa kuahirishwa.

Lakini mara nyingi kazi hiyo huisha, na mzee anafungua kinywa huku neno lake likija nyuma. Au kanzu nyeupe imekuwa ya kijivu. Ndipo watu husema diski imeharibika, wakaitupa. La hasha! Aghalabu kosa limo katika kuhamisha, wala si katika diski.

Kuhusu sauti, hapana budi tuulize swali moja kabla ya kugusa lolote: je, pengo ni lile lile tangu mwanzo hata mwisho, au linakua? Tazameni dakika ya kwanza, kisha ya mwisho.

Likiwa ni lile lile, ugonjwa ni mwepesi. Katika DVD, sauti na picha huwekewa alama za wakati, na programu iliyozitenganisha ikipuuza alama hizo, moja hutangulia. Fungueni faili kwa VLC. Katika kompyuta ya Windows herufi J na K husogeza sauti milisekunde 50 kwa kila mbonyezo. VLC husogeza kwa kutazama tu, faili haibadiliki. Kwa hiyo kiasi kilichofaa kiandikwe katika programu ya kugeuzia.

Pengo likiwa linakua, kusogeza hakufai kitu: ukiponya mwanzo, umeuharibu mwisho. Hapo ni mwendo uliokosewa. Diski za mfumo wa PAL, uliozoeleka Afrika Mashariki, huonyesha fremu 25 kwa sekunde. Za NTSC, wanazotuletea jamaa walioko Marekani, fremu 29.97. Mtu huiandika 30 akidhani ni yale yale. Tofauti ni sehemu moja katika elfu, lakini baada ya saa moja imefika sekunde 3.6, na katika muda huo msemaji amekwisha kumaliza sentensi nzima! Dawa ni kuiacha programu ifuate mwendo wa asili. Na ikiwa faili itapelekwa kuhaririwa, chagueni mwendo usiopanda wala kushuka. Sauti nayo ibaki katika sampuli 48,000 kwa sekunde kama ilivyo katika DVD. 44,100 ni hesabu ya sidii za muziki.

Iko pia sauti inayokwenda vizuri nusu saa, kisha ikaruka ghafla. Huenda ni mkwaruzo. Futeni diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, mkaisome upya kwa mashine nyingine.

Sasa rangi. Katika DVD weusi huandikwa kwa namba 16 na weupe kwa 235. Kifaa kikidhani ni 0 na 255, weusi hugeuka majivu na picha nzima ikawa kama ina ukungu. Aidha DVD hufuata kanuni ya rangi iitwayo BT.601, na picha za HD hufuata BT.709. Ukiikuza picha bila kugeuza kanuni, wekundu huelekea chungwa na kijani huingia giza. Sisi twaona ni afadhali kutoikuza kabisa, kwani kukuza hakurudishi kitu ambacho kamera haikukiona. Wala msiongeze mwanga kwa kukisia. Wekeni diski na faili kwenye kioo kimoja, mlinganishe tukio lile lile.

Kabla ya yote hayo, nakilini folda nzima ya VIDEO_TS. Faili za VOB zilizomo hukatwa kila zinapokaribia gigabaiti 1, hata katikati ya neno. Zikigeuzwa moja moja kisha kuungwa, sauti huteleza penye kila kiungo. Ifungueni folda kwa pamoja, na diski yenyewe irudi kabatini, mahali pakavu.