Amri ya Korti ya Kumkinga Mama na Watoto Dhidi ya Kipigo

  Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala lishe. Tutazungumza juu ya kipigo cha nyumbani, na hasa jambo moja ambalo akina mama wengi hawajaelezwa: jinsi ya kupata amri ya korti inayomkataza mtu anayekudhuru asikukaribie.

Pengine unajiuliza, mambo ya korti yameingiaje katika kipindi cha afya? Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 34 walikuwa wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Hao ndio akina mama walio kwenye foleni ya kliniki. Mmoja ana mimba na jicho limevimba, mwingine hawezi kuinua mkono kumvua mtoto sweta apimwe uzani. Ukimwuliza, atakuambia alianguka bafuni. Dawa tunampa, lakini hakuna dawa ya kumzuia mtu asirudie jioni.

Mama akipigwa hapa kwetu, safari yake tunaijua. Kwanza anakwenda kwa wazazi wake. Halafu wazee wa pande zote mbili wanaitwa, chai inanywewa, bwana anaomba msamaha. Ikirudiwa, anakwenda kwa chifu. Ikizidi, anakwenda polisi, taarifa inaandikwa katika kitabu cha matukio, yaani OB, na anapewa fomu ya P3. Hatua hizi zina kazi yake, wala siwaambii mziache. Lakini sikiliza vizuri, mama. Namba ya OB ni ushahidi kwamba uliripoti. P3 ni ushahidi kwamba uliumizwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomkataza mtu kuingia mlangoni kwako usiku wa leo. Na chifu, hata akiwa mtu mwema namna gani, hana uwezo wa kutoa amri kama hiyo. Hiyo ni kazi ya hakimu.

Msikilizaji atakumbuka yule mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei, aliyekimbia mbio za marathoni katika Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo alimwagiwa petroli na kuchomwa nyumbani kwake Trans Nzoia na mwanamume waliyekuwa wameachana, akafariki hospitalini Eldoret. Baba yake aliwaeleza waandishi wa habari kwamba binti yake alikuwa amekwenda polisi zaidi ya mara moja. Hilo linatuonyesha kwamba kuripoti peke yake hakutoshi.

Sheria yenyewe ipo. Ni Sheria ya Kukinga Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka wa 2015. Haihesabu ngumi na mateke tu. Inahesabu pia vitisho, matusi ya kukuvunja moyo, kufuatwafuatwa, kulazimishwa kitandani hata ndani ya ndoa, kuharibiwa mali, na kunyimwa pesa za matumizi ili unyenyekee. Hata wakwe wanaoingilia ndoa wametajwa. Wala huhitaji kuwa na cheti cha ndoa. Kama mmeachana, kama mlikuwa wachumba, kama mna mtoto pamoja, au kama anayekupiga ni kijana wako mwenyewe wa kumzaa, unaweza kuomba. Nawataja vijana kwa makusudi, kwa sababu kuna nyanya wanaolea wajukuu ambao kila mwisho wa mwezi wananyang'anywa pesa na watoto wao, na wanaona aibu kusema.

Maombi haya husikizwa na korti ya hakimu. Kwa mtu wa Ngoingwa, hiyo ni korti ya Thika, mwendo wa matatu moja tu hadi mjini. Aliye Ruiru ana korti yake huko Ruiru. Unaeleza kwa kiapo yaliyotendeka: siku gani, alifanya nini, alisema nini, watoto walikuwa wapi. Ikiwa hatari iko karibu, hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla hata ya huyo bwana kusikizwa. Baadaye anaitwa naye ajieleze, ndipo korti iamue kama amri itaendelea.

Sasa tufike kwenye ile hofu kubwa. Mama anasema, "Nikienda kortini nitatupiwa vitu nje, nyumba ni yake." Sheria inampa hakimu uwezo wa kuamuru wewe na watoto mkae katika nyumba hiyo na yeye ndiye aondoke, hata kama nyumba imeandikwa kwa jina lake au yeye ndiye mlipa kodi. Hofu ya pili ni, "Nitamfunga baba ya watoto wangu." Amri ya ulinzi haimfungi mtu. Inamwambia akae mbali, asipige simu, asitume watu. Akiitii, anaendelea na kazi yake na watoto wanaendelea kula. Akiivunja ndipo anapokuwa ametenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Mimi naona akina mama wengi wangekwenda mapema kama wangejua tofauti hiyo.

Kuhusu wakili, unaruhusiwa kujiombea mwenyewe, lakini ni heri upate wa kukusaidia kuandika, kwa maana maneno ya kiapo yana utaratibu wake. Usikate tamaa kwa ajili ya pesa. FIDA, chama cha mawakili wanawake kilichoanza hapa Kenya mwaka wa 1985, huwasaidia akina mama bila malipo. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wasiojiweza tangu 1973. Serikali nayo ina Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Ukifika kortini, mwulize karani wa masjala akuelekeze. Na kama mama ametishwa hata hawezi kufika, sheria inaruhusu mtu mwingine amwombee.

Hapa ndipo sisi wa hospitali tunapoingia. Ukija kutibiwa, tafadhali sema ukweli. Ukisema ulianguka, kitabu kitaandika ulianguka, na siku ya korti kitabu hicho kitakushtaki wewe. Mwambie daktari ni nani aliyekupiga na alitumia nini, uombe iandikwe. Kama ulilazimishwa kimwili, fika hospitali kabla ya saa 72 kupita ili upewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, na usioge kwanza. Kule polisi, una haki ya kuandikisha taarifa kwa askari wa kike ukitaka. Jumbe za vitisho kwenye simu usizifute, hata zikuudhi vipi. Umwonyeshe mtu unayemwamini, naye ahifadhi nakala.

Jambo lingine ni usalama wako. Usimtangazie kwamba unakwenda kortini. Siku anayopelekewa ile karatasi ndiyo siku ya hatari zaidi, kwa hiyo panga mapema wewe na watoto mtalala wapi. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitabu cha kliniki na dawa zako viweke kwa jirani au dada yako. Ukishapata amri, hakikisha nakala iko katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe, nyingine ubaki nayo, na mwalimu wa watoto ajue ni nani asiyeruhusiwa kuwachukua shuleni. Akija licha ya amri hiyo, piga simu polisi saa hiyo hiyo. Usimfungulie mlango hata akilia.

Chukua kalamu sasa. Namba ya bure ya kusaidia waliopigwa au kudhulumiwa nyumbani ni 1195, inapokelewa usiku na mchana. Ya watoto ni 116. Polisi ni 999 au 112. Kama simu yako hukaguliwa nyumbani, usizihifadhi humo, zishike kwa kichwa. Narudia polepole: moja, moja, tisa, tano.