Lishe: Kwa Nini Mtu Asome Habari ya Chakula Chuo Kikuu?

Salamu zangu kwa madarasa yote ya watu wazima, toka Mtwara na Mikindani mpaka Msimbati na vijiji vile ambako Mto Ruvuma huingia baharini. Fungueni madaftari yenu. Neno letu la leo ni LISHE. Andikeni: LI-SHE.

Lishe ni habari ya chakula na kazi kinayofanya mwilini. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, vijana husoma lishe ya binadamu mpaka wakapata shahada. Labda mzee mmoja atasema, "Mwanangu asome miaka yote hiyo, kisha aje kumfundisha mama yake kupika?" Swali hilo ni la haki. Na tulijibu kwa kutazama chakula chetu wenyewe, yaani muhogo.

Muhogo uko mtamu na uko mchungu. Wakulima wengi hupanda mchungu, kwa sababu nguruwe na nyani hawauharibu sana. Lakini una sumu, nayo huitwa sianidi. Wazee wetu waliijua hatari yake kabla ya kuwa na vitabu. Ndiyo maana muhogo humenywa, hukatwa, na huanikwa siku nyingi mpaka ukawa makopa. Kazi hiyo ya siku nyingi hupunguza sumu.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1988, katika Wilaya ya Masasi, humu humu mkoani mwetu, chakula kilikuwa haba. Watu wenye njaa hawakuweza kungoja. Waliutwanga muhogo, wakauanika upesi upesi, wakapika ugali. Sumu ilikuwa bado imo, na watu wakaugua.

Huko Msumbiji, katika Mkoa wa Nampula, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu. Wengi walikuwa watoto na wanawake. Ugonjwa huo huitwa konzo. Humshika mtu ghafula, na miguu hairudi kuwa kama zamani. Baada ya mwaka 2000 konzo iliwapata watu wa mikoa ya Mtwara na Ruvuma pia.

Ugonjwa wa namna hii huleta maneno mengi kijijini. Huyu husema amerogwa, yule husema ni laana. Lakini mtaalamu wa lishe huchukua unga akaupima. Hupima mkojo wa watoto. Huuliza kila nyumba: mmekula nini, na muhogo mmeuanika siku ngapi? Dakta Nicholas Mlingi, wa Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoanzishwa mwaka 1973, ni mmoja wa waliofanya kazi hiyo.

Uchunguzi huo umetufundisha mambo mawili. Kwanza, mwili una njia yake ya kuivunja sumu hii, lakini huhitaji msaada wa vyakula vya kujenga mwili, kama samaki, mayai, kunde na mbaazi. Basi nyumba inayouza samaki wote, ikabaki na ugali mtupu, imeuza na kinga yake.

La pili ni hili. Chukua unga wa muhogo, uchanganye na maji, uutandaze mwembamba juu ya sinia, usizidi unene wa sentimita 1. Uache juani kwa muda wa saa 2, au kivulini kwa muda wa saa 5. Sumu iliyobaki hutoka kwenda hewani. Kisha pika ugali siku ile ile. Lakini kazi ya kuanika vizuri isiachwe.

Basi, mzee wetu tumemjibu. Mama anajua namna ya kutengeneza muhogo. Msomi ametafuta sababu, ili mwaka wa njaa watu wajue ni kazi gani hairuhusiwi kufupishwa. Kama mtoto wako wa sekondari anapenda biolojia na kemia, usimkataze. Binti naye asiachwe nyuma.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Nyumbani kwako muhogo huanikwa siku ngapi?
2. Kwa nini njaa huongeza hatari ya sumu?
3. Wiki hii umekula nini pamoja na ugali?

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.