Kopo Moja, Sauti Nyingi

(Hotuba iliyotolewa bwaloni mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)

Nimepewa robo saa, na Ndugu Katibu amekwisha nionya kwamba saa yake haina huruma. Mkutano huu umeletewa ombi la bendi ya shule, linunuliwe pedali ya gitaa kutoka ng'ambo, ile yenye sauti kadhaa ndani yake. Nimesimama kuomba fedha hizo zitumike vingine. Zinunue pasi za kulehemu, transista na waya, ili vijana watengeneze fazi yao wenyewe katika maabara ya fizikia. Ya kwangu ni hii hapa mezani, ndani ya kopo la bati. Jana jioni mpiga solo wa bendi aliijaribu, akaniambia kwa adabu zote: "Mzee, uniwie radhi, lakini hii ina sauti moja tu, kama nyuki ndani ya chupa." Nimekuja kumjibu.

Gitaa la umeme hutoa wimbi dogo linalopanda na kushuka. Fazi hulikuza wimbi hilo kupita kiasi hadi likagonga dari na sakafu, vichwa vyake vikakatika. Wimbi lililokatwa vichwa huzaa sauti za juu ambazo hazikuwamo mwanzoni, na sikio husikia mkwaruzo. Jambo lenyewe lilianza kwa ubovu. Huko Nashville, Marekani, mtambo wa kurekodia ulipatwa na hitilafu wakati Grady Martin akipiga besi katika wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins, uliotoka mwaka 1961. Fundi mitambo Glenn Snoddy hakuutupa ubovu ule, bali aliuchunguza, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikatoa kisanduku cha Maestro chenye transista tatu. Walikitangaza kwamba kitalifanya gitaa liige tarumbeta! Hakikupata wateja wengi hadi mwaka 1965, Rolling Stones walipokitumia katika "Satisfaction". Mwaka 1966 ikatoka London pedali ya Fuzz Face, ya mviringo kama sahani, ambayo Jimi Hendrix aliipigia sana. Ndani yake mna transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na vizungusho viwili, kimoja cha sauti na kimoja cha fazi. Basi. Kopo langu ni mtoto wa ile.

Sasa, kwa vizungusho viwili, sauti nyingi zitoke wapi? Zitoke kwenye kizungusho cha sauti kilichoko juu ya gitaa lenyewe, ambacho vijana wengi hukifungua hadi mwisho wakakisahau. Pedali hii huvuta umeme mwingi kutoka kwenye gitaa, kuliko amplifaya inavyovuta. Ukirudisha kizungusho cha gitaa kidogo tu, toka 10 hadi 7, mkwaruzo hupungua haraka, ikabaki sauti nzito yenye kijiukali. Ukifika 4 au 5 sauti inakuwa karibu safi kabisa, tena inang'aa kuliko ya gitaa lisilo na pedali. Hapo mguu haujagusa kitu. Ongeza na mkono: nyuzi zikipigwa karibu na daraja hutoa sauti kali, zikipigwa karibu na shingo hutoa sauti ya mviringo. Lakini pedali hii lazima iwe ya kwanza kutoka kwenye gitaa. Ukiweka pedali nyingine ya umeme katikati, mara nyingi mkono wako hausikiki tena, umebaki na nyuki wa yule kijana.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye jambo moja, maana ndilo linalotuhusu sisi wapenzi wa muziki wa dansi. Solo letu hupenda kupiga nyuzi mbili pamoja, sauti ya kwanza na ya tatu yake. Ndani ya fazi, sauti mbili zikikatwa pamoja huzaa tofauti yao. Chukueni La ya mitetemo 220 kwa sekunde pamoja na ya tano yake, 329.6. Tofauti ni 109.6, karibu sawa na La ya chini, 110. Inakubali. Sasa chukueni La hiyo hiyo na ya tatu yake, 277.2. Tofauti ni 57.2, wakati La ya chini zaidi ni 55. Hiyo 57.2 si La wala si La iliyopandishwa, imening'inia katikati, na ndiyo inayowakereni masikio. Kwa hiyo mkipiga nyuzi mbili mbili rudisheni kizungusho hadi 5. Mkibaki na uzi mmoja, fungueni. Pedali ya ng'ambo si mbaya, lakini ikiwekwa kwenye fazi nayo itafuata hesabu hiyo hiyo.

Faida ya kutengeneza mwenyewe ni kwamba kopo hufunguka. Rezista inayolisha transista ya pili, ya ohmu 8,200, mimi nimeitoa nikaweka inayozungushwa. Betri ni ya volti 9. Nikipima kwenye kolekta ya transista hiyo nikapata volti 4.5, sauti inajaa na kudumu. Nikiisogeza mbali na hapo, noti zinakatika ghafla kama mtu mwenye kwikwi, na kwa baadhi ya nyimbo ndivyo zinavyotakiwa. Kapasita ya kuingilia ni ya maikrofaradi 2.2, wekeni ya 0.1 na sauti nzito zitapungua, mpiga besi apate nafasi yake.

Wazee wenzangu mtaniuliza kuhusu transista za jemaniamu, zile AC128 za redio za zamani. Zina sauti laini, nami nazipenda, ila joto huzibadilisha. Ukizipanga asubuhi penye baridi, jioni bwalo likijaa watu volti zimekwisha hama. Kwa vijana nashauri silikoni, BC108 au BC547. Zina ukali kidogo, lakini hazijali joto, na zikiungua mwanafunzi anaweza kununua nyingine bila kumwandikia baba barua.

Kopo liwe la bati na liunganishwe na waya wa ardhi, la sivyo mtasikia mngurumo wa umeme wa nyumba. Mengine mwalimu wa fizikia anayajua kuniliko, naye amekubali kutoa Jumamosi zake kama mkutano utapitisha fedha za vifaa.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa. Kopo hili nalikabidhi kwa bendi tangu leo, mkutano uamue utakavyoamua. Mkimaliza kupiga chomoeni waya wa gitaa, maana ukibaki humo betri huendelea kuliwa hata pedali ikiwa imezimwa.